Mzigo ulipobadili njia: Kutoka Horohoro hadi Pangani

TANGA. Mfanyabiashara anayevuka kutoka Lunga Lunga kuingia Horohoro huwa na mambo mawili kichwani: karatasi zake na saa ya basi. Akishagongewa muhuri, kilomita 65 za lami zinamfikisha Tanga mjini kabla ya chakula cha mchana. Anakutana na wakala wake, anaulizia bei, anakunywa chai, na jioni yuko njiani kurudi Mombasa au ameunganisha basi la Arusha. Wenyeji wana msemo wa siku nyingi kuhusu mji wao, "waja leo waondoka leo", na kwa mgeni wa namna hii msemo unatimia neno kwa neno.

Hasara ni yake. Kati ya Amboni, kaskazini kidogo mwa jiji, na mdomo wa Mto Pangani upande wa kusini, hakuna zaidi ya kilomita 60 hivi. Katika kipande hicho zimelala bandari tatu, na kila moja ilipata zamu yake ya utajiri: Tongoni, Pangani na Tanga yenyewe. Ya kwanza ni magofu. Ya pili ni mji mdogo uliotulia mno. Ya tatu ilianza kusinzia, na sasa inaamshwa kwa fedha nyingi. Yaliyoziinua na kuziangusha ni yaleyale yanayomnyima usingizi mfanyabiashara wa leo: kina cha maji, njia ya mzigo, na nani anakusanya ushuru.

Kwa anayetoka mpakani, kituo cha kwanza kiko kando ya barabara hiyohiyo. Mapango ya Amboni, kama kilomita nane kabla ya kuingia jijini, ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa muda usiohesabika. Waongozaji huwasha tochi na kuwaonyesha wageni maumbo ukutani, na ndani kuna sehemu ambayo watu bado huenda kuomba na kuacha sadaka. Saa moja inatosha. Mwenye viatu vya kuteleza aviache garini.

Jiji lenyewe linafaa kutembelewa kwa miguu, au kwa baiskeli, ambayo Tanga haijawahi kuionea haya. Mitaa ya Ngamiani imenyooka kama rula na barabara zake zimepewa namba, kwa hiyo hata mgeni wa siku moja anaweza kuelekezwa bila kupotea. Huku ndiko kwenye maduka ya jumla, mafundi, mama ntilie na mabishano ya Coastal Union dhidi ya African Sports. Ukivuka reli kuelekea baharini mji unabadilika: miti mikubwa, majengo ya Kijerumani yenye kuta nene, jengo kongwe la Hospitali ya Bombo linaloangalia maji, na boma la zamani ambalo limekarabatiwa na kugeuzwa makumbusho. Kwenye bustani ya Jamhuri mtu anaweza kukaa na kahawa yake akitazama ghuba. Katikati ya ghuba hiyo kipo kisiwa cha Toten, neno la Kijerumani lenye maana ya wafu, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya watu walioishi hapo kabla mji haujahamia bara.

Reli iliyoleta askari na kuondoka na kahawa

Kinachoeleza Tanga kuliko majengo yote hayo ni reli. Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, na ndiyo reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Ilipanda taratibu kupitia Muheza na Korogwe, ikapita chini ya milima ya Usambara, ikafika Moshi mwaka 1911. Kila gunia lililotoka mashamba ya huko juu lilikuwa na mlango mmoja wa kutokea baharini, nao ulikuwa Tanga.

Reli hiyo ndiyo iliyoamua vita vya Novemba 1914. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken na kuwateremsha upande wa Raskazone, wakiamini mji utaanguka bila taabu. Kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, aliwateremsha watu wake kutoka Moshi kwa treni. Hakuwa na zaidi ya elfu moja na ushei, lakini alishinda. Nyuki waliochokozwa na risasi walivamia watu vichakani, na simulizi za Tanga huwapa nyuki hao sifa kubwa, pengine kubwa kuliko wanayostahili. Waingereza waliondoka kwa haraka, wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni.

Kipigo kilichoiumiza Tanga kwa muda mrefu kilikuja baadaye na hakikuwa na mlio. Katika vita hivyohivyo jeshi la Uingereza lilijenga reli kutoka Voi, Kenya, kupitia Taveta, ikaungana na reli ya Tanga pale Kahe, karibu na Moshi. Ilikuwa njia ya askari na chakula chao. Vita vilipokwisha, wenye kahawa ya Kilimanjaro waligundua kuwa sasa wana milango miwili. Mombasa ilikuwa na maji marefu ya Kilindini na meli nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya mzigo ikageuza uso.

Tanga ilinusurika kwa sababu ya mkonge. Mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62, na ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000. Kamba zilizofunga mizigo ya Ulaya zilianzia hapa.

Mashamba hayo yaliwahi kuwa aina ya Afrika Mashariki kabla ya jumuiya yoyote. Vibarua waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na walitoka mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, na pia nchi ambazo wakati huo ziliitwa Ruanda-Urundi. Msafiri wa Bujumbura au Kigali anayepita Muheza na Korogwe asishangae kukuta ukoo wenye majina ya kwao. Babu zao walikuja kwa mkataba wa muda na wengine hawakurudi.

Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakadhoofika. Muongo mmoja baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ulikaa umefungwa hadi 1983. Kwa mji ulio hatua chache kutoka mpakani, ulioishi kwa kuuziana na Mombasa na hata kuimbiana taarabu, miaka sita hiyo ilikuwa mingi. Vijana wa leo wanaopita Horohoro na simu mkononi hawaikumbuki, lakini wazazi wao waliokuwa na duka wakati ule hawajaisahau.

Na bandari ilibaki na kasoro yake ya kuzaliwa: maji mafupi. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga kiasi cha kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukasogezwa pwani, ukapakuliwa tena. Kila mzigo ulishikwa mara mbili, na kila mara ulipolipiwa aliyelipa ni mwenye mzigo. Si ajabu kwamba mawakala wa Kampala, Kigali na hata Arusha walizoea kuandika Mombasa au Dar es Salaam bila kufikiri.

Hapo ndipo mabadiliko yalipofanyika. Mradi wa shilingi bilioni 429 umechimba mlango na sehemu ya kugeuzia meli kutoka kina cha mita 3 hadi 13, na gati zenye urefu wa mita 450 zimeboreshwa ili meli ifunge kamba ukingoni yenyewe. Ng'ambo ya ghuba, rasi ya Chongoleani ndiyo mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda: kilomita 1,443, likipashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Treni za mizigo nazo zilirudi kwenye reli ya kaskazini mwaka 2019 baada ya ukimya mrefu.

Habari hizi zinatosha kumfanya mtu aione Tanga kama bandari mpya. Lakini kabla ya kufanya hesabu hiyo, inafaa apande basi dogo la Pangani na kuona nini hutokea bandari inapoachwa.

Machungwa ya mwaka 1498

Tongoni iko chini ya kilomita 20 kusini mwa jiji, hatua chache kutoka barabara ya Pangani. Tongo kwa Kiswahili ni mahame, mahali watu walipohama. Jina lilipewa kijiji baada ya mji kufa, na jina la mji wenyewe lilikuwa Mtang'ata. Kilichobaki ni kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo 40, kazi ya karne za 14 na 15. Baadhi yalijengewa nguzo ndefu kuonyesha heshima ya marehemu, na nguzo nyingi sasa zimelala chini vipandevipande. Mikoko iko karibu na bahari inasikika. Mara nyingi mgeni hujikuta yuko peke yake na mlinzi.

Mji huu uliingia katika maandishi ya Wareno kwa njia ya soko. Aprili 1498, Vasco da Gama akielekea Mombasa, merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu karibu na pwani hii. Wakati mabaharia wakisubiri maji yajae, watu wa pwani walikwenda kwao na mitumbwi yenye machungwa. Mwandishi wa safari ile alikiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Januari 1499, safari ikirudi kutoka India, kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi kiasi kwamba hawakutosha kuendesha merikebu tatu. São Rafael ikachomwa moto palepale kwenye mafungu. Hata siku hizo merikebu ikiteketea, wenyeji walikuja na kuku wa kubadilishana.

Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kutabasamu unapojua kinachopita Horohoro leo. Machungwa ya Muheza bado hupakiwa kwenye malori kwenda Kenya msimu baada ya msimu. Mtang'ata wenyewe haukudumu. Wareno walipovuruga njia za Bahari ya Hindi, miji midogo ya mawe iliyoishi kwa kupeleka bidhaa Kilwa na Mombasa ilikosa pumzi, na hapa watu walitawanyika.

Upande huohuo wa kusini mwa jiji kipo kijiji cha Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Wanafunzi wa nchi zote za ukanda huu wanamjua kama mshairi. Wachache wanajua kwamba kuanzia 1926 hadi 1944 mkate wake ulitoka idara ya forodha. Kiswahili anachofundishwa mtoto wa Nairobi na wa Goma kina mkono wa mtu aliyekuwa akikagua mizigo mchana.

Pangani na vita vya ushuru

Kilomita 50 hivi kutoka Tanga barabara inafika mtoni. Pangani ni barabara moja ndefu ya nyumba za wafanyabiashara wa zamani wa Kihindi na Kiarabu, milango ya kuchongwa, roshani zinazoning'inia kwa mazoea, boma, na nyumba ya forodha ya zamani ukingoni mwa maji. Minazi imeuzunguka mji wote. Mchana watu hukaa vibarazani. Mtu asiyejua angedhani hapajawahi kuwa na haraka.

Katika karne ya 19 hapa ndipo ilipoanzia na kuishia misafara ya kwenda Kilimanjaro na nchi za Wamaasai. Iliondoka na nguo, shanga na waya, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Haifai kuipamba: sehemu ya utajiri wa nyumba hizi ilitokana na kuuza binadamu, na sehemu nyingine ilitokana na mashamba ya miwa ya kando ya mto yaliyolimwa na watumwa. Waongozaji wa mji huonyesha palipouzwa watu, na wageni wanapaswa kupaona.

Agosti 1888 mji huu uliwasha moto uliosambaa pwani nzima. Miezi michache kabla yake, Sultani Khalifa wa Zanzibar alikuwa amelikodisha shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki haki ya kukusanya ushuru wa forodha katika pwani hii. Waingereza walikuwa na mkataba wa aina hiyo upande wa Mombasa. Ofisa aliyetumwa Pangani, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alipandisha bendera ya shirika na kuanza kutoa amri kana kwamba amenunua mji. Wafanyabiashara, majumbe na wapagazi waliokuwa mjini waligoma. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na mji, akawa kiongozi wao, na Bwana Heri wa Saadani akapigana upande wa kusini. Serikali ya Ujerumani ililazimika kutuma jeshi chini ya Wissmann. Abushiri alinyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Vitabu vya shule huviita vita vya kupinga ukoloni, na ni kweli. Abushiri na wenzake walikuwa pia watu waliokuwa wakitetea biashara yao, ikiwemo ile ya aibu. Ila mfanyabiashara yeyote ataelewa cheche ya mwanzo: mgeni kasimama mlangoni mwa forodha na daftari jipya, na hakuna aliyeulizwa.

Bunduki hazikuua bandari ya Pangani. Kilichoiua ni fungu la mchanga kwenye mdomo wa mto, pamoja na uamuzi wa 1893 wa kuanzisha reli Tanga badala yake. Misafara haikuwa na sababu ya kutembea hadi Pangani wakati behewa linasubiri Korogwe. Ndani ya kizazi kimoja mzigo ulihama kilomita 50 kwenda kaskazini, na nyumba zikaachiwa popo.

Kwa mwenye siku ya ziada, ng'ambo ya mto ni Bweni na kusini yake ufukwe wa Ushongo, mweupe na wenye nafasi. Kutoka huko boti huenda kisiwa cha Maziwe wakati wa maji kupwa. Wazee wanakumbuka kisiwa hicho kikiwa na miti na kasa wakitaga mayai. Miti yote imekwisha, na sasa Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hufunikwa. Viota vya kasa hulindwa Ushongo.

Mlango wa mbele na mlango wa nyuma

Swali linalobaki Tanga ni nani atakayefaidi zamu hii mpya. Mita 13 za kina ni za meli kubwa. Bomba la Hoima halimhitaji mwenye magunia 20 ya machungwa, wala mama wa dagaa. Kwao bandari inayojulikana zaidi ni ile isiyo na gati: bandari bubu, vijia vya mikokoni kuanzia Mkinga hadi Pangani, ambako majahazi na boti hushusha sukari na mafuta ya kula usiku. Wanaozitumia husema hesabu ni rahisi. Lakini hesabu hiyo haihesabu usiku wenye upepo mbaya na boti isiyo na maboya, wala siku doria inapotokea na mzigo na chombo vyote vikataifishwa. Mtaji uliokusanywa kwa miaka mitano huondoka asubuhi moja.

Wapo wengi wasiojua kwamba mlango wa mbele umepunguzwa kizingiti. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na ulio katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Hauondoi kodi za ndani, na mazao bado yanahitaji karatasi ya afya ya mimea. Wafanyabiashara hulalamika kuhusu karatasi hizo na wana haki, kwa sababu chungwa halisubiri: foleni ya siku mbili juani inaweza kula faida yote bila ofisa yeyote kuchukua hata senti. Ofisi za pande mbili kukaa pamoja kumepunguza foleni. Kupunguza idadi ya mihuri ni kazi ambayo bado inazidai serikali zote mbili.

Barabara inayofuata pwani kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la kuvuka Mto Pangani, ni sehemu ya njia inayokusudiwa kuunganisha Malindi na Bagamoyo. Kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Bweni alisubiri kivuko, pikipiki, mbuzi na wanafunzi wakiwa sitaha moja. Kama mzigo utarudi kupita Pangani kwa magurudumu, baada ya kuikimbia kwa reli zaidi ya miaka 130 iliyopita, wenye nyumba zile za roshani watakuwa wa kwanza kujua.

Basi dogo la mwisho kurudi Tanga huondoka kabla ya giza, na dereva hasubiri mtu aliyesahau saa ufukweni. Njiani, kwenye meza za mbao kando ya lami, machungwa yamepangwa matano matano.